Ncha ya Jino la Anestis

Daktari Pandelis hatupi kitu jaani. Miaka ishirini na sita nimekuwa msaidizi wake, nimemshikia taa, nimemfyonzea damu, nimemvumilia anavyoimba, na miaka yote hiyo kila ncha ya mzizi anayoikata kwenye taya la mtu anaitia kwenye kichupa cha kioo, halafu anabandika karatasi yenye jina, jino na tarehe. Viko mia nne na ushei, vimejipanga kabatini nyuma ya mlango wa choo. Mara ngapi nimemuuliza, "Daktari, hapa ni kliniki au makaburini?" Yeye hujibu, "Hrisula, futa vumbi, acha maneno."

Basi nafuta vumbi. Na mnijue mapema, mimi si mtu wa mizimu. Nimechungulia vinywa vya watu tangu nina miaka kumi na tisa, cha padri na cha mwizi, na ndani ya vyote ni nyama, mfupa na uvundo uleule. Ninayoyasimulia hapa nimeyashika kwa vidole vyangu. Anayetaka kucheka acheke, mdomo ni wake.

Mambo yalianza na Anestis wa Polixeni. Nasema wa Polixeni kwa sababu kijijini kwetu kulikuwa na Anestis Tsumanis wawili, binamu, kila mmoja kapewa jina la babu mzaa baba kama inavyotakiwa. Wote wana miaka thelathini na saba, pua moja, mabega mamoja, hata kikohozi kimoja. Watu wakachoka kueleza yupi ni yupi, wakawaita kwa wake zao: Anestis wa Polixeni na Anestis wa Asimina. Wenyewe walinuna wiki moja, wakazoea. Walikuwa na lori moja, wanabeba magogo kutoka mlimani kupeleka mjini, na jioni wanarudi pamoja.

Wa Polixeni alisumbuliwa na jino la juu, kushoto, la pili kutoka katikati. Daktari aliliziba mzizi, ufizi ukaota kijipele cha usaha. Akalifungua akaliziba upya, na baada ya miezi mitatu kile kijipele kikarudi palepale kwenye ufizi, kinavuja. Jino likifika hapo mna mawili, mling'oe au mkate ncha. Polixeni, mkewe, akasema kwa ukali wa mapenzi, "Mume mwenye pengo mbele simtaki. Kateni."

Tukakata. Daktari alipasua ufizi akaufunua, akatoboa dirisha dogo kwenye mfupa, kama dengu. Akakata ncha ya mzizi, kipande kama punje ya mchele, akakomba uozo wote, akaziba mzizi kwa nyuma na tone la fedha, akashona. Ni mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkato wake huinama upande ambao hauinami mkato wa daktari mwingine yeyote niliyemfahamu. Anestis, mtu wa kubeba magogo, alikuwa anatetemeka kwenye kiti kama mtoto. Nikamtania ili atulie.

"Usiogope, bwana. Sasa wewe una alama. Hata mkija kuchanganywa wewe na binamu yako, sisi tutakujua."

Alicheka mpaka damu ikamtoka tena, daktari akanifokea. Maneno hayo nimeyajutia. Tukampa tarehe ya kurudi baada ya miezi sita, tupige picha tuone kama mfupa umejaa, lakini hakurudi. Wiki saba baada ya sisi kumshona, lori lilitoka kwenye daraja la zamani katika mvua za Novemba, likaanguka bondeni, mto ukawachukua.

Walipatikana siku ya kumi na nane, karibu na bwawa. Mmoja alikuwa na kitambulisho mfukoni, kimelowa: jina na ukoo vinasomeka, jina la baba limefutika, na jina la baba ndilo pekee lililowatofautisha wale wawili. Wa pili hakuwa hata na shati. Huko mjini mtu wa chumba cha maiti akauliza ni akina nani walikuwa garini, akajibiwa ni Anestis Tsumanis na Anestis Tsumanis. Akaandika jina hilohilo kwenye majeneza yote mawili, akayapigilia misumari, akakisia lipi la nani. Tuliambiwa tusifungue. Nani angefungua, baada ya siku kumi na nane majini?

Kulikuwa na Stergios, mwenye kibanda cha kahawa pale darajani. Yeye alishikilia kwamba asubuhi ile aliwauzia kahawa tatu. "Walikuwa watatu garini," alisema. "Kijana mmoja wamempa lifti, simjui, kofia imemfunika uso." Polisi waliuliza vijiji vyote vya karibu, hakuna aliyepotelewa na mtu. Watu wakasema Stergios anakunywa kuliko anavyouza, yakaishia hapo.

Wajane wakazika siku moja, kaburi moja upande huu wa kanisa, jingine upande ule. Kwetu maiti hukaa ardhini miaka michache tu, kisha mifupa hufukuliwa, huoshwa kwa divai na kuwekwa sandukuni katika nyumba ya mifupa. Siku ya tatu, mbele ya ile ngano ya kuchemsha tunayokula matangani, wakagombana. Kila mmoja anasema aliyekuwa anaendesha ni mume wa mwenziwe. Asimina ana ulimi, jamani! Alimwambia Polixeni, "Mumeo alikuwa anajitazama jino lake jipya kwenye kioo, ndiyo maana hakuona daraja." Tangu siku hiyo hawakusalimiana tena.

Siku ya arobaini, asubuhi, Polixeni alikuja kliniki kashika shavu. Mimi ni mama wa ubatizo wa binti yake, tumeshibana, kwa hiyo nilimpeleka ndani moja kwa moja. Jino la juu, kushoto, la pili kutoka katikati.

"Umejigonga?" nikamuuliza.

"Sijajigonga."

"Limetoboka?"

"Tazama mwenyewe."

Nilitazama. Jino jeupe, zima, halina hata doa. Lakini picha ilionyesha kivuli cheusi cha duara kwenye ncha ya mzizi. Daktari alinituma nitoe picha ya marehemu kwenye bahasha, kwa udadisi tu. Tulipoziweka juu ya taa, moja juu ya nyingine, kivuli kilikaa juu ya kivuli bila kuzidi hata unywele. Daktari aliizima taa, akasema familia za huku zimeoana sana. Mimi nikacheka, ila kicheko changu sikukipenda.

Aliliziba mzizi, likavuja. Aliliziba tena, likavuja. Ukapita mwaka, ukaja wa pili. Polixeni alikonda. Kilichomtesa zaidi si maumivu, ni namna yanavyokuja.

"Linagonga, Hrisula. Linagonga mara tatu, linanyamaza. Kama mtu aliye nje ya mlango."

"Ni mshipa wa damu unapiga juu ya usaha, shoga yangu. Kila mtu ni hivyo."

"Mshipa haugongi mara tatu ukangoja." Akanishika mkono. "Sikia. Nilimwapia Anestis tutalala sanduku moja, mifupa yangu juu ya yake. Ni hilo tu nililobakiwa nalo la kumfanyia. Kila Jumamosi nakwenda kuwasha taa pale kaburini, na kila nikiwasha, jino linagonga kwa hasira. Ninamuudhi nini? Nataka nijue kabla sijamtoa."

 Nilimpa dawa ya maumivu na kumkemea kwamba hali vizuri.

Mwaka wa nne daktari akaamua kumkata. Nilisimama palepale nilipokuwa nimesimama kwa mumewe, taa ileile mkononi. Alifunua ufizi, akatoboa mfupa, akakomba. Usaha haukuwemo. Kilichotoka kilikuwa harufu, na harufu ya usaha naijua hata nikiwa usingizini. Hii ilikuwa ya udongo uliofukuliwa baada ya mvua. Daktari alisita, akaniangalia juu ya barakoa. Mimi nikajifanya natafuta pamba.

Alikata ncha, akaniachia niitie kwenye kichupa. Pale kabatini nilikiweka karibu na cha mumewe. Daktari akaja nyuma yangu, akavitazama.

"Hrisula, umechanganya vichupa?"

"Mimi? Miaka yote hii?"

"Basi mbona ni ncha ileile?"

Ilikuwa ileile. Umbo lilelile, na kwenye mwisho kabisa, kikunjo kidogo kuelekea nyuma. Alivigeuza, akasoma majina, akavirudisha, akaenda kunawa mikono upya wakati alikwisha kunawa. Kidonda cha Polixeni kilifunga siku kumi. Siku ya kumi na moja kijipele kilikuwa palepale, kinavuja, na daktari, mtu ambaye sijapata kumsikia akisema ameshindwa, alimwambia, "Bibi, nimeshindwa. Tuling'oe." Polixeni akakataa. Alisema asipolisikia jino hatasikia anachoambiwa.

Mwezi wa Mei wa mwaka wa tano zamu ya kumtoa Anestis ikafika. Asimina alikuwa amekwisha kumtoa wake mwaka mmoja kabla, akamwosha, akamweka kwenye nyumba ya mifupa na picha mbele ya sanduku. Polixeni aliahirisha mwaka mzima kwa hofu. Nilimwambia yatosha, nitakuwa naye.

Tulikwenda asubuhi, jua tayari limepanda. Wanaume wawili walichimba, Padri Serafim akaomba, sisi wanawake tukakaa kando na divai, shuka nyeupe na beseni. Fuvu lilitoka la kwanza. Polixeni alilibusu kwenye paji, akaweka noti juu yake kama desturi, halafu akanisukumia beseni.

"Nioshee wewe," akaniambia. "Wewe ulimwosha kinywa akiwa hai."

Nikaanza na taya la chini. Meno kumi na sita yote mahali pake, safi kama ya tangazo, nikasema moyoni, marehemu, ulikuwa unapiga mswaki vizuri kuliko nilivyokudhania. Kisha nikamimina divai kwenye fuvu, nikapitisha kidole juu ya meno ya mbele, kwa mazoea tu, kama mtu anavyogusa kovu la mtoto aliyemlea. Nilitafuta lile dirisha. Mfupa ulikuwa laini. Nikatafuta tena.

Jino lilikuwa limelegea. Likatoka lenyewe, likakaa kiganjani mwangu katika divai. Mzizi wake ulikuwa mrefu, mzima, umechongoka mpaka mwisho kama alivyouumba Mungu. Hakuna mkato, hakuna fedha.

Nasema kweli, nilitaka kunyamaza. Nilitaka kulirudisha tunduni mwake, nifunge shuka, tukanywe kahawa na konyagi, tule ngano, yaishe. Mtu kalia miaka mitano juu ya kaburi, wewe umwambie nini? Lakini Polixeni alikuwa ananitazama usoni.

"Sema."

"Shoga yangu..."

"Hrisula, sema!"

"Huyu si wako."

Majembe yakasimama. Padri Serafim akanisogelea, akaninong'oneza, "Hrisula, divai hunywewa baada ya kuosha."

"Sijanywa, Padri. Jino hili tulilikata sisi. Tulilikata, na ncha yake ipo kabatini nyuma ya choo. Hili lina ncha yake. Mifupa haioti ncha mpya kaburini."

Nilidhani Polixeni atazimia. Hakuzimia. Alikaa chini kwenye udongo, akaweka kidole kwenye ufizi, akasema polepole, "Kumbe hilo ndilo. Nilikuwa nawasha taa kwa mtu mwingine, na yeye anagonga anataka kuniita kwingine." Kisha akalia, na mimi nikalia, na mmoja wa wachimbaji, mwanamume mzima, akavua kofia akafuta macho.

Wa Polixeni angekuwa wapi, kama si kwenye sanduku la Asimina? Tulikwenda mchana huohuo, Padri, mimi na Polixeni nyuma yetu hatua kumi. Asimina alikuwa anakanda unga wa pai, kitambaa cheusi kimefungwa chini ya kidevu, kimekazwa kama anavyokikaza miaka yote. Alitupa viti na maji ya uvuguvugu. Nyumba ile haijapata kumpa mgeni maji baridi, tulizoea kumsema kwa hilo. Polixeni alibaki mlangoni. Padri alieleza kwa kuzunguka sana, nikamkatiza nikasema wazi.

Nilijiandaa kwa matusi. Asimina alimgeukia Polixeni na kuanza, "Kwa hiyo jino lako ndilo limekuleta? Tangu lini wafu..." Akakoma. Alisugua unga kwenye vidole vyake.

"Lilikuwa linagonga?" akauliza. Hakuuliza kwa dhihaka.

"Mara tatu," Polixeni akajibu.

"Na mkinipa wangu, mimi nikampa wake, litanyamaza?"

"Sijui."

Asimina akanyanyuka, akatoa ufunguo wa sanduku shingoni. "Njooni kesho asubuhi. Na yule mkata meno aje."

Jinsi alivyokubali haraka ilinishangaza. Njiani Padri alisema neema ya Mungu imemshukia. Mimi nikasema labda amezeeka.

Kesho yake daktari alikuja na kichupa mfukoni mwa koti, kimeviringwa kwa pamba. Ndani ya nyumba ya mifupa kuna baridi hata Mei, na masanduku yamepangwa ukutani mpaka darini, kila moja na picha yake. Asimina alifungua la kwake mwenyewe. Aliinua fuvu kwa mikono miwili, akaliangalia kwa mara ya mwisho, akanipa mimi, hakumpa Polixeni.

Sikuhitaji hata mwanga. Ncha ya kidole ilizama kwenye dirisha juu ya jino, duara, kama dengu. Nilivuta jino taratibu, likatoka. Mzizi mfupi, umekatwa kwa mshazari kuelekea upande wa mkono wa kushoto, na katikati ya mkato tone la fedha, limekuwa jeusi. Daktari akafungua kichupa, akaitoa ncha kwa kibano, akaiweka kwenye mkato. Ilikaa. Ilipungua kidogo pale msumeno ulipopita, lakini kile kikunjo kilifuata mzizi kama mto unavyofuata bonde.

"Ni mkono wangu," daktari akasema. 

Polixeni alimchukua mumewe. Hakupiga kelele, alimwingiza ndani ya koti lake kama mtu anayemkinga mtoto na upepo, akatoka nje juani. Ncha tulimpa pia, ili awe amekamilika. Daktari hajapata kutoa kichupa tangu nimfahamu, na alitoa bila kuombwa mara mbili.

Asimina alipewa yule wa kaburini. Alimwosha mwenyewe, pale uani, kwa divai yake. 

Ufizi wa Polixeni ulifunga siku ya tatu. Siku ya saba kijipele hakikuwepo, na alikula tofaa mbele yangu, akalitafuna kwa meno ya mbele kwa makusudi, anacheka na machozi yanamtoka. Nilifurahi, kwa nini nidanganye? Nilidhani kazi imekwisha.

Baada ya wiki tatu nilifika kliniki asubuhi nikamkuta Asimina amekaa kwenye ngazi.

"Polixeni kapona?"

"Kapona."

"Siku ngapi?"

"Saba."

Aliingia, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa bila kuambiwa, akafungua kitambaa. Miaka mitano sikuwahi kumwona bila kitambaa. Taya la kulia lilikuwa limevimba, na kwenye ngozi, chini kabisa ya shavu, palikuwa na kovu la usaha uliotoka na kufunga, ukatoka na kufunga.

"Tangu lini?"

"Tangu arobaini."

"Asimina! Na ulimcheka mwenzio?"

"Ningefanyaje? Nilie naye? Baada ya yale tuliyoambiana?" Akakunja kitambaa mapajani. "Nilijua nikisema nitaonekana namwiga. Nikanyamaza, likazidi. Halafu siku ile mlipokuja na habari ya kugonga, nikasema, Asante Mungu, kumbe dawa ipo. Yeye alikuwa na wangu, mimi nina wake, tubadilishane tupone. Nimembadilisha. Nimemwosha, nimemsomea, namwashia taa asubuhi na jioni. Sasa niambie wewe unayejua meno. Lake limenyamaza kwa siku saba. Langu mbona halinyamazi?"

Nilipiga picha. Jino la chini, kulia, gego la kwanza. Lilikuwa zima kabisa juu, na kwenye mizizi kivuli cheusi.

"Linagonga?"

"Haligongi. Ni baridi. Kama nimeng'ata maji ya theluji ya Januari na siwezi kuyatema. Nayasikia yanapita. Usiku na mchana yanapita."

Nikaenda kwenye kabati la bahasha. Ile ya Anestis Tsumanis ilikuwa moja, nene. Kwa uvivu wangu wa ujanani niliweka kadi za binamu wote wawili pamoja, na tangu lile lori sikuwahi kutazama kadi ya nyuma. Niliitoa. Anestis Tsumanis, wa Asimina. Alikuja kwetu mara moja tu maishani, mwaka wa themanini. Gego la kwanza, chini, kulia. Limeng'olewa. Mwandiko ni wangu.

 Taya lile la chini nililiosha mimi. Meno kumi na sita, yote mahali pake. Nililisifu.

Kahawa tatu. Yule maskini Stergios alisema kahawa tatu, na sisi sote, wenye akili zetu, tukamwita mlevi. Mto ulitoa wawili. Mmoja alikuwa na kitambulisho, naye ni wa Polixeni. Wa pili hakuwa na shati, na kwa kuwa tulikuwa tunawatafuta binamu wawili, tukamfanya binamu.

Asimina alikuwa ananitazama kama Polixeni alivyonitazama kaburini. Safari hii sikungoja niambiwe sema. Nilipiga magoti mbele ya kiti nikamwambia yote, kadi, gego, meno kumi na sita, kijana wa kofia. 

"Kwa hiyo niliyemwosha ni mtoto wa nani?"

"Sijui, Asimina. Hakuna anayejua."

"Ana mama mahali. Na mama yake jino linamuuma." Alifikiri. "Yeye abaki kwangu. Taa yake sitaizima." Kisha akaweka kiganja juu ya shavu, taratibu, na uso wake ukabadilika. "Na wangu hajatoka. Miaka mitano, Hrisula. Ndiyo maana ni maji."

Alilia hapo, kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Nilimkumbatia na aproni yangu ya plastiki kifuani, damu ya jana na yote.

Daktari aliingia anaimba, akaona picha juu ya taa, akaacha kuimba. Ni mtu mwema, na mtu mwema akiona maumivu mikono inamwasha. Hakuuliza lolote. Akanawa, akavuta ganzi kwenye sindano. "Tulia, bibi. Tutaziba mizizi leo, na ikikataa tutakata ncha. Nitakutoa kwenye mateso haya."

Asimina akafunga mdomo. Akausukuma mkono wake kando, kwa upole, kama mtu anavyosukuma sahani akiwa ameshiba.

"Usiliguse."

"Litakuua kwa maumivu."

"Liache liume. Likinyamaza ndipo nitajua amepatikana. Ukilikata, nitajuaje?"

 Daktari akaweka sindano kwenye sahani ya chuma. Asimina akakaza kitambaa chake chini ya kidevu, akafunga mafundo mawili, akaomba maji ya kunywa kabla ya kwenda darajani. Nikaenda jikoni kuyapasha moto.